Mama, Hukuwa Umesahau

Mama,

Shikamoo. Najua barua hii imekosea tangu mstari wa kwanza, maana mkwe hamwandikii mama mkwe moja kwa moja namna hii, tena kurasa nyingi. Ningeipitisha kwa Neema kama tulivyozoea, lakini haya si maneno ya kumbebesha mtoto. Kwa hiyo nivumilie. Nimekaa kwenye stuli hapa mashineni. Mkanda umekatika tangu asubuhi, mpya unatoka Manyoni na basi la mchana, na wateja wamekaa kivulini na magunia yao ya alizeti wakinisonya. Nimechukua daftari la zamani la hisabati la Neema, lina kurasa nyingi nyuma ambazo hakuzitumia.

Umetutoka ni miezi mitano sasa. Kule Issuna wamevuna, na mavuno si mabaya. Jogoo wako mwekundu yupo, mwanao Elia alimwacha makusudi. Kile chumba cha uani ulichokaa hapa kwangu Utemini hakuna aliyekiingia tena zaidi ya binti yako, Mama Neema, na akiingia anakaa muda. Mimi nikipita mlangoni pale naongeza mwendo.

Nataka nikujibu lile neno uliloniambia siku ya mvua. Lakini nikianza na hilo nitalitafuna nusu na nusu nitalimeza, najijua. Ngoja nilifuate kutoka mbali.

Miaka kumi na tisa nimekuwa mkweo, na sidhani kama tuliwahi kutazamana usoni. Ukiniona natokea njiani kule Issuna uliacha njia, ukaingia katikati ya alizeti za watu, ukasimama humo mpaka nipite, ndipo uitikie salamu yangu kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa kilima. Ukija mjini ulikaa uani, mgongo umeuelekeza sebuleni. Ukiwa na neno ulimwita Neema: "Mwambie baba yako kuku wake wanaumwa." Nami nimekaa hatua tatu, nimesikia kila kitu, namsubiri Neema aje aniambie ndipo nishtuke. Neema akiwa shuleni ulimwambia paka.

Na jina langu hukulitaja hata siku moja. Siku hizi mwiko huo umelegea, wako akina mama wanaowaita wakwe zao kwa majina kama wanamwita kondakta. Wewe hapana. Tena kwa kuwa jina langu limo kwenye Biblia, lilikupa shida kweli. Ukitoka kanisani ukiulizwa limesomwa neno gani, ulisema limesomwa kwenye kile kitabu cha Baba Neema. Yule jirani yako wa vitunguu, ambaye tunaitwa jina moja, ulimwita "jina la mkwe" mpaka mke wake mwenyewe akazoea kumwita hivyo. Tulicheka sana nyumbani. Na nakiri nilijivunia. Hakuna mtu mwingine duniani aliyenipa heshima kiasi hicho, na mimi heshima naipenda.

Heshima hiyo ndiyo niliyoitumia kukunyang'anya kauli yako.

Unakumbuka mwiba uliokuchoma wakati wa palizi. Ulikuwa na sukari tayari, ukaficha kidonda, ukakifunga na kipande cha kanga ukaendelea na jembe. Mama Neema alipokuja kukuona vidole viwili vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Tukakuleta hospitali ya mjini. Yule daktari alikuwa kijana, mgeni wa mkoa wetu, mpole. Namkumbuka kwa sababu alivuta stuli akakaa usawa wa kitanda chako, akazungumza na wewe na si na mimi. Akakueleza kwamba mguu umekufa mpaka kwenye kifundo. Ukikatwa chini ya goti, unaweza kupona. Usipokatwa, sumu itaingia kwenye damu na utakufa. Hakukuficha. Alikuambia pia kwamba hata kukatwa kwenyewe kuna hatari, kwa umri wako.

Ulimsikiliza mpaka mwisho. Ukasema, "Nimesikia. Nimekataa. Mnirudishe Issuna."

Akakuuliza sababu. Ukamwambia ni zako.

Nilimfuata nje kwenye baraza. Nikamwambia, daktari, huyu ni mzee wa shamba, hajui anachosema, wewe kata. Akanijibu kwa utaratibu kwamba mgonjwa mwenye akili timamu, akishaelezwa na akaelewa, akikataa, yeye hana ruhusa ya kumgusa. Hata kama yeye daktari anaona mgonjwa anakosea. Hata kama ukoo mzima unaona anakosea. Kitu pekee kinachobadilisha hilo, akasema, ni kama mgonjwa hana uwezo wa kuamua kwa wakati huo, kwa mfano amechanganyikiwa, au kumbukumbu imepotea. Hapo ndugu wa karibu anaulizwa.

Alikuwa ananieleza kwa nia njema. Mimi nilisikia mahali pa kupitia.

Mama, mimi ni mtu wa mashine. Kitu kikiharibika nakifungua, natoa kibovu, nafunga bolti, nawasha. Sijawahi kuiuliza mashine inaonaje. Na kusema kweli nyumbani kwangu nimekuwa hivyo hivyo, Mama Neema anajua, watoto wanajua. Nikishaona jambo ni sawa, basi ni sawa, anayebisha anapoteza muda. Nilikuona umelala pale unaoza kwa ajili ya ubishi. Nilikupenda na nilikukasirikia kwa pamoja, nikashindwa kutofautisha kipi ni kipi.

Halafu mchana ule, saa ya kuona wagonjwa, nilisimama nje ya dirisha la wodi kama inavyonipasa, wewe ukiwa ndani na binti yako. Ulizungumza Kinyaturu, ulidhani nimeenda kununua maji. Nilisikia. Ulimwambia, "Wakinikata nitaishi wapi? Mguu mmoja haukai Issuna peke yake. Nitapelekwa kwa mkwe. Nitaoga kwa mkwe, nitajisaidia kwa mkwe, siku moja mkwe atanibeba. Bora nilale karibu na baba yenu nikiwa mzima." Mama Neema alilia. Wewe hukulia. Ulikuwa umekaa ukalipima jambo lako mpaka mwisho.

Mtu mwingine angesikia hapo akaelewa. Mimi niliona umenitukana. Nyumba yangu ya bati, yenye umeme na maji, mtu anaona bora kaburi kuliko kuingia humo. Niliondoka pale dirishani nimekunja uso, na sikununua hata hayo maji.

Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imepanda. Mama Neema alikuwa nyumbani anakupikia uji, Elia yuko Itigi kwenye kazi yake ya reli. Nilikuwa mimi tu, nimesimama nyuma ya pazia la kitanda ili usinione vizuri. Daktari akasema kwa sababu ya homa anataka ahakikishe kama bado unaelewa. Atakuuliza maswali madogo.

Akauliza, "Mama, leo ni siku gani?" Ukasema, "Keshokutwa gulio." Ilikuwa sawasawa, Mama. Mtu yeyote wa Issuna angehesabu kutoka hapo akapata siku. Daktari hakujua gulio, lile soko la wiki la Issuna, ni lini, akaandika kitu.

Akauliza mumeo aliitwa nani. Ukasema, "Baba Elia." Akasema, jina lake mwenyewe. Ukanyamaza, maana mke wa umri wako hatamki jina la mume, awe hai au awe chini.

Akauliza, "Na huyu aliyekuleta hospitali ni nani?" Ukasema, "Baba Neema." Akasema, "Ndiyo, lakini anaitwa nani?" Ukanyamaza. Akarudia taratibu, kama anavyoulizwa mtoto, "Jaribu kukumbuka, mama." Ukavuta kanga ukajifunika mdomo.

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Kati ya watu wote waliokuwemo katika wodi ile, ni mimi na wewe tu tuliojua kilichotokea. Daktari aliona bibi aliyesahau jina la mkwe wake. Mimi niliona mama mkwe wangu, ana homa, mguu unanuka, kifo kimekaa naye kitandani, na bado hajakubali kunivunjia heshima. Ilitosha niseme sentensi moja. Daktari, kwetu hawataji. Sentensi fupi hiyo.

Akanigeukia. "Huwa anasahau majina?"

Nikasema, "Ndiyo, daktari. Mwaka huu amekuwa akisahau sana."

"Hata ya watu wa karibu?"

"Hata ya watoto wake."

Ulisikia. Kiswahili unakijua. Na hukunipinga, kwa sababu kunipinga kungekuwa kumwita mkwe mwongo mbele ya wageni, na hilo nalo hukuwa mtu wa kulifanya. Nililijua hilo pia. Nimelifikiria sana, Mama, na sijapata namna ya kujitetea hapo. Kila mlango wa kutokea nilikuwa nimeufunga kwa adabu yako mwenyewe.

Ulisema neno moja tu, ukiangalia ukutani. "Mguu ni wangu."

Daktari alisimama. Namwona mpaka leo, kalamu imekaa hewani. Alikuwa anataka kurudi kwako. Nikamuwahi. Nikasema kwa sauti ya huruma, sauti nzuri kabisa, "Hata nyumbani anarudia rudia hayo, mara mguu, mara mbuzi."

Wakamwita daktari mwenzao mkubwa, wakasimama dirishani wakanong'ona, wakarudi wakasema kwa sasa huna uwezo wa kujiamulia, ndugu aweke sahihi. Nilimpigia Elia, akasema, "Shemeji, wewe ndiye uliye hapo." Nikaweka sahihi. Muuguzi akaniuliza kama familia tutauchukua mguu tukauzike au hospitali iushughulikie yenyewe. Nilikuwa na wateja wanasubiri mashineni. Nikasema hospitali iushughulikie.

Na ulipona. Hilo nalo naliandika, maana kwa miezi mingi ndilo nililolishika. Kidonda kilifunga, homa ikaisha, ukaishi miezi kumi ambayo yule daktari alisema usingeiishi. Watu walinisifu. Elia alikuja kutoka Itigi akanishika mkono kwa mikono miwili. Kanisani waliniambia nimefanya kazi ya mtoto wa kumzaa. Nilitembea kifua mbele.

Nilichokuwa sijakijua ni kwamba nimeanzisha kitu. Nilidhani uongo ule umeisha pale wodini, umefanya kazi yake, nimeuacha kwenye faili. Kumbe ulikuja nasi nyumbani. Mama Neema aliambiwa na hospitali kwamba mama yake anapoteza kumbukumbu, naye akamwambia Elia, Elia akawaambia watu wa Issuna. Tangu hapo hakuna aliyekuuliza kitu. Mbuzi wako waliuzwa, ukaambiwa baadaye. Shamba lako la kule bondeni alipewa mtu alilime, ukalisikia kwa Neema. Simu yako ilichukuliwa kwa kuwa eti utaipoteza. Ukisema uji umezidi chumvi, walitabasamu wakakupa ule ule. Walikupenda, Mama, wote walikupenda, wakakumalizia sentensi zako kabla hujafika katikati. Nami nilikuwa naketi pale sebuleni nakunywa chai.

Na ulikuwa hujasahau chochote. Ulijua ungo wako uko kwa nani tangu mwaka juzi. Ulijua tarehe ya mtihani wa Neema kabla mimi baba yake sijaijua. Siku moja ulimwambia Mama Neema kwamba kuku mweupe hatagi ndani, anatagia nyuma ya pipa. Akacheka, akasema mama jamani. Wiki iliyofuata tulikuta mayai kumi na moja. Nikasema ni bahati tu.

Siku uliyouliza mguu wako tumeuweka wapi, niliogopa. Ulimuuliza Mama Neema mbele ya watu waliokuja kukupa pole. "Mguu wangu mmeuzika wapi? Nataka kujua nitakapolala nitauacha upande gani." Wageni wakatazamana, mmoja akatikisa kichwa kwa masikitiko. Binti yako akakutuliza, "Mama, pumzika." Katika watu wote waliokuwemo uani siku ile, wewe ndiye uliyeuliza swali la mtu mwenye akili. Jibu nilikuwa nalo mimi, sikulitoa. Uliuliza mara tatu, siku tatu tofauti. Baada ya hapo hukuuliza tena jambo lolote la maana.

Sasa nifike siku ya mvua.

Ilikuwa mvua ya kwanza, ile ya kishindo. Mama Neema yuko sokoni, watoto shule. Nilikuja nyumbani kuchukua spana. Nikasikia kitu kimeanguka uani. Ulikuwa umejaribu kutoka chooni peke yako na magongo, yakateleza, ukaanguka kwenye tope kati ya choo na chumba chako. Niliita jirani, nikaita tena. Mvua juu ya mabati, nani atasikia? Ulikuwa unajivuta kwa viwiko. Uliponiona ulitulia hapo hapo kwenye tope, hukuendelea, kama unangoja nipite.

Nilikubeba, Mama. Sikuwa na namna nyingine, na kila hatua niliyopiga nilijua kwamba hiki ndicho ulichokikataa kwa mdomo wako, kwa jina lake kabisa, siku ile nilipokuwa dirishani. Ulijifunika uso mzima na kanga. Mimi niliangalia juu, mvua inaniingia machoni. Ulikuwa mwepesi kuliko gunia la mashudu ya alizeti. Nilikulaza kitandani nikageuka haraka niondoke.

Ukasema, "Baba Neema, ulijua."

Hukumwambia Neema. Hukumwambia paka. Uliniambia mimi. Miaka kumi na tisa, na neno la kwanza uliloninyooshea ni hilo.

Na mimi nikasema, "Mama, ngoja nimtafute mtu aje akubadilishe nguo." Nikatoka. Kama sijasikia. Nilisimama chini ya upenu nikiwa nimelowa mpaka jirani akaja, kisha nikarudi mashineni, nikafanya kazi mpaka jioni.

Wiki mbili baadaye ulifariki, asubuhi, ukisukwa nywele na binti yako. Kifua kilikubana, ukasema umechoka, ikawa basi. Wiki mbili nilikuwa nazo. Ningeweza kusimama mlangoni kwa mgongo, nikamwambia ukuta, wewe ungesikia. Kila siku nilisema kesho.

Tulikupeleka Issuna, tukakulaza karibu na Baba Elia kama ulivyotaka. Si mzima kama ulivyotaka. Nilishika koleo nikafukia pamoja na wengine, na Elia akasimama akawaambia watu kwamba mkwe huyu ndiye aliyempa mama yetu mwaka mmoja zaidi. Waliitikia wote. Nilitaka kuingia mle shimoni.

Jibu langu ni hili, Mama. Nilijua. Nilijua hukusahau jina langu. Nilijua siku ya gulio. Nilijua umeelewa kila neno la daktari kuliko mimi nilivyoelewa, na nilijua sababu yako, na niliiona ya kijinga kwa sababu ilinihusu. Mpaka leo sijui kama ningekuwa sahihi kukuacha ufe. Huenda ningekubembeleza. Huenda tungekaa siku mbili, Elia akaja, ukakubali au ukakataa. Hilo silijui. Ninalolijua ni kwamba halikuwa langu, na nililichukua kwa kusema huna akili, nikakuacha uishi miezi kumi na watu walioamini hivyo. Naomba unisamehe. Nimechelewa kuliomba.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Binti yako anaumwa. Ni uvimbe kwenye kizazi, umekuwa mkubwa, damu inampotea. Usihangaike huko uliko, wanasema si saratani. Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza hospitali. Muuguzi, mama mtu mzima, akamweleza kwamba kuna kuutoa uvimbe peke yake au kukitoa kizazi chote, na faida na hasara za kila upande. Akamuuliza, "Wewe unaonaje?"

Nikajibu mimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo na kusema wakitoe chote, tumeshapata watoto, kabla sijajua kama ninaongea. Yule muuguzi hakupandisha sauti. Akasema, "Baba, nimemuuliza mama."

Mama Neema alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimtazama nikaona kwamba hakushangaa hata kidogo. Amezoea.

Tulipotoka, tukiwa tunatembea kurudi nyumbani, nilimwambia yote. Dirisha, majina, gulio, kalamu ya daktari, kila kitu. Alisimama kando ya barabara na ile bahasha ya vipimo mkononi. Nilingoja anipige, au alie. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Na mguu?" Nikamwambia. Akavuka barabara, akatembea upande ule mwingine mpaka nyumbani, mimi upande huu.

Siku nne hakunisemesha. Elia nilimpigia mwenyewe, sikutaka asikie kwa mwingine. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Kwa hiyo mama alikuwa anatusikia." Akakata simu.

Siku ya tano Mama Neema aliniwekea chakula, akakaa. Akaniambia ameamua watoe uvimbe tu, kizazi kibaki. Akaniambia sababu zake, ingawa sikuuliza, nami nilisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwangu ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Halafu akanionyesha fomu ya hospitali. Pale penye ndugu wa karibu, wa kuulizwa akiwa hawezi kusema, ameandika jina la Elia.

Akasema, "Siyo kwa kukukomoa. Nataka mtu atakayesema nilichosema mimi."

Sikubisha. Nilikula nikamaliza, nikaosha mikono. Niliumia, Mama, naweza kukuambia wewe. Miaka kumi na tisa na mke wangu, na siku atakayolala bila fahamu hataki sauti yangu iwe karibu na kitanda. Nimeutafuta ubaya wake katika hilo, sijauona.

Operesheni ni Jumatatu. Elia anakuja Jumapili. Baada ya hapo tutakaa ndugu wote Issuna, na nimeshamwomba Elia anipe nafasi ya kusema mbele ya wale wale waliokuja kukupa pole uani kwangu. Nitawaambia kwamba mama huyu hakupotewa na akili hata dakika moja. Watakavyonitazama baada ya hapo ni juu yao.

Basi la Manyoni limepiga honi, nadhani mkanda umefika. Pumzika, Mama. Sitakusumbua tena kwa maneno marefu hivi, najua hayakupendezi kutoka kwa mkwe.

Ninakuahidi moja. Jumatatu nitakaa nje kwenye benchi, Elia ndani. Nitabeba uji, nitashika kanga zake. Na kama mambo yatakwenda kombo, wakamkosa Elia, wakatoka mbio kuniuliza mimi mke wangu anataka nini, nitawaambia kile alichokisema, neno kwa neno, hata kama mimi nataka kingine. Wakiuliza asichokisema, nitawaambia wamuulize mwenyewe. Wakisema bado amelala, nitawaambia basi tusubiri aamke.

Mkweo,
Baba Neema